Tone la Ziada

Ukiingia maabara ile asubuhi, Shangazi humwoni kwanza, unamsikia. Anamsema mtu. Labda kuna aliyeacha mlango wa chumba cha seli wazi, labda kuna aliyevaa glavu zilizotoboka, labda kuna ambaye hakunywa chai na sasa anajikokota kwenye korido kama mgonjwa. Shangazi hana ugomvi na mtu, ila hawezi kuona jambo likienda kombo akanyamaza. Hata likienda vizuri hanyamazi vilevile. Atalisukuma kidogo ili liende vizuri zaidi. Kama unataka kumwelewa mama huyu, anzia hapo.

Si shangazi wa yeyote pale kazini. Jina hilo walimbandika vijana wa utafiti, kwa kuwa kwenye kantini huwapakulia watu bila kuombwa, na aliyesema ameshiba ndiye huongezewa. Naye hakulikataa. Kwa cheo ni fundi wa maabara, mwenye stashahada yake na uzoefu wake, mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono midogo isiyotetemeka hata akiwa katikati ya kugombana. Amewahi kumfokea fundi wa umeme kupitia mlangoni huku akidondosha dawa kwenye sahani, tone kwa tone, bila kukosea hata moja.

Kazi yake ni kulea seli. Usifikirie jambo kubwa la kutisha. Kuna kabati lenye joto la mwili wa mtu, na ndani yake kuna sahani bapa za plastiki, ndogo kuliko kiganja, zenye maji ya rangi ya waridi. Chini ya maji hayo zimelala seli zilizotoka kwenye jicho la mgonjwa. Zinalishwa, zinabadilishiwa maji, zinachunguliwa kwa hadubini, na zikishakuwa utando mwembamba zinapelekwa chumba cha upasuaji zikabandikwe kwenye jicho lililoharibika. Ukilisema hivyo jambo linaonekana rahisi, kama mtu anayedhani kupika ni kuweka sufuria motoni.

Ugumu uko hapa. Kwenye ukingo wa jicho, pale weusi unapokutana na weupe, zipo seli chache zinazoitwa seli shina. Kioo cha mbele cha jicho kina ngozi nyembamba inayochakaa kila siku, na seli shina ndizo zinazoifanya upya. Seli shina ikigawanyika inatoa mbili: moja hubaki vilevile kama mama yake, nyingine huenda kazini. Hiyo iliyokwenda kazini itagawanyika mara kadhaa, itakomaa, itakuwa ngozi ya jicho, itachakaa na kudondoka. Hairudi tena. Ile iliyobaki nyumbani ndiyo itakayotoa nyingine kesho na keshokutwa. Zikiisha za kubaki nyumbani, jicho limekosa wa kulifanya upya. Utando mweupe wenye mishipa unalitambalia, na mwenye jicho haoni.

Sasa, seli haijiamulii. Inasikiliza majirani. Jirani hutoa protini, protini inasafiri mpaka kwenye utando wa nje wa seli na kugonga, maana yenyewe haiingii ndani. Huko ndani ujumbe hupokezanwa, protini hii ikiiambia ile na ile ikiiambia nyingine, mpaka ufike kwenye kiini, na hapo ndipo amri inapotekelezwa. Kuna protini inayosema: gawanyika. Kuna inayosema: baki ulivyo. Kuna inayosema: umeshakuwa mkubwa, nenda kazini. Seli inazisikia zote kwa pamoja, na itakachofanya kinategemea nani amesema kwa nguvu na nani amenyamaza. Ndiyo maana kabla ya seli za mgonjwa kuwekwa kwenye sahani, hutandikwa kwanza seli nyingine zilizopigwa mionzi zisizae tena. Zenyewe hazigawanyiki. Kazi yao ni kukaa pale chini na kutoa ishara, ili seli ngeni zijione ziko kwao. Maabara ile wanaziita walezi. Shangazi alizipenda hizo kuliko seli zote, na ukiyajua maisha yake huna haja ya kuuliza sababu.

Mama yake Shangazi alifariki mdogo wake akiwa bado anatambaa. Huyo mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na mpaka leo, mtu mzima mwenye ndevu, nyumbani na mtaani anaitwa Kitinda. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana na kupotea. Basi Shangazi, akiwa msichana wa shule, akambeba mtoto mgongoni huku akikariri masomo. Alimwogesha, alimpeleka shule, alimpigania na watoto wa jirani, na alipoona vitabu vimemshinda akamtafutia fundi wa kumfundisha kupiga lipu. Wachumba walikuja. Walimkuta ana mtoto wa mama yake kiunoni. Baadhi wakachoka mapema, mmoja akasubiri sana, na huyo aliyesubiri sana mwishowe akaoa kwingine na kumletea kadi ya mwaliko. Shangazi alikwenda harusini, akacheza, akarudi akisema mapambo yalikuwa ovyo.

Kitinda akawa fundi wa kusifiwa. Ukuta aliopiga yeye ungeupitishia kiganja usikute kokoto. Lakini kila asubuhi dada yake ndiye aliyemfungia chakula, ndiye aliyempigia simu mchana kumuuliza kama amekula, na siku za jua kali alikuwa tayari kukatiza mji mzima kumpelekea kofia. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Kitinda naye alikuwa akicheka nao, kofia ikiwa kichwani.

Kisha ikatokea ajali. Alikuwa amesimama chini ya jukwaa, amenyanyua uso kumwelekeza mtu wa juu, ndoo ya chokaa ikateleza. Chokaa mbichi ilimwingia macho yote mawili, na pipa la maji la pale lilikuwa tupu. Mpaka anafikishwa bombani, ukingo wa jicho la kulia ulikuwa umeungua wote. La kushoto lilisalia na kipande kidogo upande wa juu, pale kope ilipowahi kulifunika. Utando ukatambaa. Jicho la kulia likawa jeupe kama ganda la yai. La kushoto likabaki linajua dirisha liko wapi na kama mtu amepita mbele ya taa, zaidi ya hapo hakuna. Miaka ikapita hivyo. Kitinda akawa mtu wa kukaa kwenye kochi karibu na redio, na Shangazi akawa anarudi mbio kutoka kazini kumpikia, kumwekea sukari kwenye chai na kuikoroga, kumwambia shati lililoko mkono wake wa kulia ni la bluu.

Maabara ilipoanza kukuza seli za macho, unafikiri nani alifurahi zaidi? Shangazi alikwenda kwa mkuu wa maabara siku hiyohiyo. Mkuu ni mama mmoja mwembamba wanayemwita Daktari tu, anayesema kwa sauti ya chini mpaka watu wanalazimika kunyamaza ili wamsikie. Daktari alikubali. Wapasuaji wangekata kipande kidogo kuliko punje ya mchele kwenye ule ukingo uliosalimika wa jicho la kushoto, maabara ingekikuza, kisha utando ungebandikwa kwenye jicho la kulia. Lakini aliweka wazi mambo mawili. La kwanza, ukingo ule ni mdogo, haukatwi ovyo. Ukimalizwa, hata dirisha Kitinda hatalijua tena.

"La pili," Daktari akasema, "sahani ya mdogo wako huigusi wewe. Unajua utaratibu. Mtu halei seli za ndugu yake."

"Najua, Daktari. Sitaigusa."

"Ataishika Taratibu."

Taratibu ndiye mwenzake Shangazi katika chumba cha seli, mwanamume mrefu ambaye hajawahi kuonekana akikimbia hata mvua ikimnyeshea. Huja, hutazama sahani, huandika joto, huondoka. Kwa macho ya Shangazi, huyo si mlezi, ni mlinzi wa makaburi. Mara ngapi alimwambia, "Wewe baba, hata kuzisemesha huzisemeshi?" Taratibu hujibu, "Hazina masikio, Shangazi," kisha anakwenda kula.

Na ni katika kwenda kula huko ndipo mambo yalipoharibikia.

Kipande kilipokwisha kukatwa na seli kuwekwa kwenye sahani, siku ya kwanza Shangazi alichungulia tu kwa hadubini. Kuchungulia si kugusa. Akazikuta seli za mdogo wake ni chache, zimejikunyata upande mmoja wa sahani kama watoto wageni shuleni. Roho ikamuuma. Kwenye friji, umbali wa hatua chache, kilikuwepo kichupa cha ile protini inayosema gawanyika. Kila sahani ina kiasi chake, na ya Kitinda ilikuwa imeshapewa chake asubuhi. Shangazi akavaa glavu. Akaongeza tone moja. Tone tu, akajiambia, nani amekufa kwa tone.

Kesho yake akachungulia tena, akazikuta zimechangamka. Akafurahi mpaka akaongeza jingine. Ikawa ndiyo desturi: Taratibu akitoka, Shangazi anaingia.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba alijua. Angemkuta kijana wa utafiti akifanya vile angemtoa mle ndani kwa kumvuta sikio, na kumpa somo juu yake: kwamba ukizipigia seli shina kelele za gawanyika, gawanyika, huku ile sauti ya baki ulivyo imezidiwa, zitagawanyika kweli, lakini zote zitaelekea kazini na nyumbani hatabaki mtu. Somo hilo alilitoa mara nyingi, tena kwa mkono kiunoni. Lakini alilitoa akiangalia sahani za watu wengine. Kwenye sahani ya mdogo wake aliona njaa tu.

Sahani ikajaa upesi mno. Taratibu aliitazama akakuna kidevu. "Hizi zina haraka," akasema. Shangazi akajifanya anapanga chupa. Vijana wakapongezana, na mmoja wao akamwambia Shangazi kwamba damu yao ni ya wachapakazi, hata seli zao hazilali. Alicheka naye. Usiku ule alilala usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata tangu siku ya ajali.

Kabla utando haujapelekwa kwa wapasuaji kuna jaribio lake. Huchukuliwa seli chache, zikatawanywa mbalimbali kwenye sahani nyingine, kisha zinaachwa peke yazo. Seli shina ya kweli, hata ikiwa pweke, itajenga kundi kubwa la duara, seli zimebanana vizuri hakuna pengo. Iliyokwisha kukomaa itagawanyika mara mbili tatu, ichoke, ijitandaze, isimame. Hakuna anayeweza kuibembeleza. Utando wa namna hiyo ukibandikwa jichoni unapendeza kwa majuma machache, halafu unachakaa wote, na jicho linarudi kulekule.

Katika sahani ya jaribio ya Kitinda hakukuwa na duara hata moja.

Daktari aliwaita wote wawili ofisini kwake. Alikuwa ameweka picha mezani, vikundi vidogo vilivyotawanyika, vimechoka. "Nimeangalia mara mbili," akasema. "Zilikuwa nyingi, lakini seli shina hazimo. Inaelekea chokaa iliingia ndani kuliko tulivyofikiri, na ule ukingo tuliodhani ni mzima si mzima. Sioni haki ya kuukata tena. Tutamwondolea hata hicho kidogo alicho nacho." Kisha akamgeukia Taratibu. "Au kuna kitu kilikosewa kwenye kulisha?"

Taratibu alikaa akiwaza. "Nilifuata kipimo," akasema. "Lakini sijui. Labda kuna nilichopitiwa."

Shangazi alikuwa amekaa hapohapo. Mdomo ule unaosikika kutoka korido ya pili haukufunguka.

Alirudi nyumbani jua bado liko juu. Kitinda alizijua hatua zake, akapunguza redio. Shangazi alimwambia kwamba Daktari amesema haikufaulu, ukingo haukuwa mzima, hawatakata tena. Alilisema hilo bila kukosea neno, kama lilivyosemwa ofisini. Kitinda alipapasa mkono wa kochi.

"Basi, dada," akasema mwishowe. "Tumejaribu. Mimi nimeshazoea. Si nina wewe?"

Maneno hayo ndiyo aliyoyafanyia kazi maisha yake yote. Kuna siku angeyapokea kama zawadi. Leo alikwenda jikoni, akasimama mbele ya jiko ambalo hakuliwasha, na aibu ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Akaliona jambo lote jinsi lilivyo: akinyamaza, hakuna atakayejua, kazi yake iko salama, na mdogo wake atakaa kwenye kochi lile mpaka mmoja wao afe. Jicho lingehukumiwa kwa kosa la dada yake.

Asubuhi hakungoja kuitwa. Alimkuta Daktari na Taratibu palepale, akafunga mlango nyuma yake.

"Jicho halina kosa," akasema. "Nilikuwa naongeza."

"Unaongeza nini?" Daktari akauliza.

"Ile protini ya kugawanya. Tone. Taratibu akienda kula."

"Kila siku?"

"Si anakula kila siku."

Hakuna aliyecheka. Daktari alivua miwani akaiweka mezani, na alipozungumza sauti yake ilikuwa chini zaidi ya kawaida. "Hili ni kosa la kufukuzwa, Shangazi."

"Najua. Nifukuze. Lakini mkate tena."

Taratibu aliinuka, akatoka. Shangazi alimfuata mpaka dirisha la mwisho wa korido. Alimkuta ameegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtu yule hakuwa amelala. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilikesha nikitafuta nilipokosea," Taratibu akasema. "Nimepitia kila kitu. Nilifikia mahali nikadhani mikono yangu ndiyo mibaya."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Hakufukuzwa. Alipewa onyo kali na kuondolewa chumba cha seli. Akapelekwa chumba cha kuoshea vyombo, huko akakae na chupa na mvuke mpaka kazi ya mdogo wake iishe. Hakulalamika. Kabla hajaenda alichomoa ufunguo wake wa chumba cha seli akamwekea Taratibu mkononi, ingawa hakuna aliyeuomba. Alijijua.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko kukiri mbele ya Daktari. Kitinda alipaswa kukubali kukatwa mara ya pili, na hii ndiyo ya mwisho. Ikiharibika, hata dirisha linaondoka. Haikuwezekana akubali bila kujua. Shangazi alimkalisha, akamwambia kila kitu, tangu siku ya kuchungulia. Alitegemea hasira. Badala yake, mabega ya Kitinda yakaanza kutikisika, na ikamchukua Shangazi muda kutambua kwamba anacheka.

"Dada wewe," akasema. "Yaani hata kwenye sahani ya maabara uliniongezea chakula."

Shangazi akacheka pia, kwa unafuu. Lakini kicheko cha Kitinda kikakatika ghafla kama kilivyoanza.

"Nimelipa kipande cha jicho kwa hilo tone," akasema. "Na mimi nilikukubalia miaka yote, kwa hiyo si kosa lako peke yako. Nilipokuwa na macho ningeweza kukataa ile kofia, sikukataa. Nitakatwa tena. Lakini mara hii niache. Usiende kuchungulia. Usiulize. Niache niote mwenyewe, au nisiote."

"Nitakuacha."

"Unaweza?"

"Sijui," akasema, na hilo lilikuwa la kweli kabisa.

Wakakata tena. Shangazi akabaki na chupa zake. Utamwona mtu amesimama mbele ya sinki, anasugua chupa iliyokwisha takata, uso umeelekea ukuta wa upande wa chumba cha seli. Kabati la joto lilikuwa nyuma ya ukuta huo. Aliijua sauti yake, ule mlio mwembamba wa feni, na mikono ilimwasha. Hasa saa ya Taratibu kwenda kula. Hapo alikuwa akifungua bomba mpaka mwisho ili asisikie kitu kingine.

Ahadi ya kutouliza aliishika kwa namna yake: aliuliza siku tatu za mwanzo, kisha akajirekebisha. Alikuwa akimvizia Taratibu akileta vyombo.

"Zinaendeleaje?"

"Zipo."

"Zipo vipi?"

"Zipo, Shangazi."

Angeweza kumtupia chupa. Lakini alipokaa na neno hilo, siku baada ya siku, akianza kuacha kuuliza, lilianza kumwingia. Alimkumbuka mama yake, kidogo anachomkumbuka: mwanamke aliyekuwa akikaa kizingitini akichambua mboga, wakati yeye binti akihangaika kujifunza kuendesha baiskeli ya jirani. Alianguka, mama akatazama. Alianguka tena, mama akatazama, mkono haukuacha mboga. Miaka mingi Shangazi aliamini mama yake hakuwa na huruma sana. Sasa, mikono yake ikiwa kwenye maji ya sabuni, akafikiri labda mama naye mikono ilikuwa ikimwasha. Kuna ishara ya kumwambia mtoto nenda, na kuna ya kumwambia nipo hapa, na hiyo ya pili haina kelele. Walezi wa kwenye sahani wanaitoa mchana kutwa bila kusogea. Yeye alikuwa akizipenda seli zile bila kujifunza kwao kitu chochote, na jambo hilo lilimhuzunisha.

Siku ya jaribio Taratibu alikuja mwenyewe mpaka chumba cha kuoshea vyombo, kwa mwendo wake uleule wa kuudhi. "Njoo uone," akasema.

"Niambie tu."

"Njoo."

Shangazi hakuingia. Alisimama nje, kwenye kioo cha mlango, mikono ameifumba nyuma ya mgongo, na Taratibu akaiwasha picha ya hadubini kwenye skrini ili aione kutoka pale. Duara. Pembeni yake jingine. Chini, jingine kubwa zaidi, seli zake ndogondogo zimeshikana, nadhifu, hazina papara. Hazikuwa nyingi, na wala hazikuhitajika nyingi. Kila moja ilikuwa imetoka kwenye seli moja iliyoachwa peke yake na ikajua la kufanya.

Taratibu alifungua mlango kidogo. "Leo nimekusamehe," akasema, akaufunga.

Upasuaji ulikwenda salama. Watu hudhani bandeji ikifunguliwa mtu anaona palepale, sivyo. Kwa majuma Kitinda alisema anaona ukungu, kisha ukungu wenye rangi, kisha umbo la mlango, kisha mlango. Alijifunza kuweka dawa ya jicho mwenyewe. Alikuwa akikosea, matone yakimtiririka shavuni, na Shangazi alikuwa akitoka nje ya nyumba akazunguka jengo zima mpaka amalize. Jirani mmoja alimuuliza kama anafanya mazoezi ya kupunguza mwili. Akamjibu ndiyo.

Ikafika siku ya kwenda kliniki kupimwa kwa zile herufi za ukutani. Shangazi alikwenda naye, lakini hakumshika mkono. Alitembea nyuma yake. Taratibu naye alikuja, eti alikuwa akipita tu. Daktari wa macho alimkalisha Kitinda kwenye kiti, akamwambia asome. Kitinda alisoma mstari wa juu. Akasoma wa pili. Wa tatu alikosea herufi moja, akajirudi akaisahihisha mwenyewe. Wa nne ukamshinda, na daktari akasema inatosha, inatosha sana, jicho ni safi na ngozi yake inajifanya upya kama inavyotakiwa.

Kitinda akageuka kwenye kiti kumtafuta dada yake.

Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia. Kitinda alimtazama. Alianza kwenye nywele, akashuka usoni, akashuka mpaka kwenye mikono iliyoshika mkoba, akarudi juu, polepole. Mara ya mwisho kumwona, dada yake alikuwa mwanamke wa nywele nyeusi tii aliyekuwa akipanda ngazi za jukwaa bila kuhema.

"Dada," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba umezeeka."

Shangazi akazigusa mvi zake. Taratibu akatazama herufi za ukutani. Midomo ya Kitinda ikaanza kumcheza, na lile jicho lake jipya likajaa maji.

"Usilie," Shangazi akamwambia, "utaharibu kazi ya watu."

Kisha akalia yeye, kwa wote wawili.